Mzee Gervasi na Ruhusa Kumi na Moja za Mwalimu Marcelina

Kigoma, Ijumaa, 14 Agosti 2026. Mkuu wa Shule amenipa kazi ya kuandika habari za Mzee Gervasi Ntahondi kwa ajili ya jarida letu, na kabla sijaanza naahidi kusema yote, pamoja na yale ambayo watu wakiyafikia hupunguza sauti.

Mzee Gervasi, fundi sanifu wa maabara, atastaafu Jumatatu tarehe 31 Agosti, akiwa ametumikia shule hii miaka thelathini na mitatu kamili. Aliripoti kazini tarehe 1 Septemba 1993 akitokea Kalinzi, na begi moja na bisibisi tatu. Maabara wakati huo ilikuwa chumba chenye meza mbili, jiko la mafuta ya taa, na nyoka ndani ya chupa ya spiriti. Nyoka yule bado yupo. Karatasi yake haisemi ni nyoka wa aina gani, inasema, kwa mwandiko wa Mzee Gervasi, "Nimekwisha kufa, lakini usinifungue." Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza huisoma, hucheka, kisha huondoka pale haraka kidogo.

Mwaka 2006 shule ilipewa kompyuta tisa zilizochoka. Zilizowaka zilikuwa mbili. Kufikia Desemba ziliwaka sita, na zile tatu nyingine zilibaki maganda, kwa sababu alizichinja kama kuku wa sikukuu ili wenzao wapone. Alikuwa na umri wa miaka arobaini alipoanza kujifunza kuandika programu, peke yake, kwa vitabu vilivyokosa kurasa. Tangu hapo amefundisha watu wengi kuliko anavyokumbuka. Asubuhi huingia darasani na kusema "Mwakeye," na mwanafunzi aliyetoka mikoa ya mbali hujifunza kuitikia Kiha kabla hajajifunza kuwasha mashine.

Kazi yake kubwa inaitwa Saa Nane. Aliifanya pamoja na Mwalimu Marcelina, aliyefundisha Jiografia, ambaye alikuwa mama yangu. Ni programu ya kompyuta. Wanafunzi husoma kipimaupepo kilichoko nyuma ya bweni na kuingiza namba. Ikifika saa nane mchana programu huzitangaza kwa spika iliyoko mwaloni Ujiji, pale mitumbwi inapofikia, ili wavuvi wa dagaa wajue kama ziwa litawakubali kabla hawajabeba taa zao.

Sauti ni ya mama. Katika likizo ya Juni 2018 alikaa maabara siku tano, magodoro mawili ya bweni yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, akatamka maneno mia mbili na kumi na mawili, moja moja. Programu huyachukua na kuyaunga. Kwa hiyo tangu mwanzo ilisema sentensi ambazo yeye hakuwahi kuzisema.

Aliugua Oktoba, akafariki Novemba. Siku ya mazishi hakuna aliyekumbuka kuizima spika. Waombolezaji walikuwa wanatoka makaburini, na wengine walikuwa wamefika mwaloni kunawa, ilipowaka kama kawaida. "Upepo wa kusini-mashariki. Mawimbi madogo. Nendeni." Watu walisimama na maji mikononi. Kisha, mmoja mmoja, walikwenda.

Tangu ziwa lilipojaa, nguzo ya spika imebaki majini, hatua kama arobaini kutoka ufukwe wa sasa, na sola yake kichwani. Mzee Gervasi alitaka kuihamisha. Castory, mwenyekiti wa mwalo, alikataa. "Muache Mwalimu alipo," alisema. "Tuliosogea ni sisi." Mgeni anayepita pale mchana, maji yakiwa yametulia kama maziwa ndani ya sufuria, humsikia mwanamke akitaja namba kutoka katikati ya maji. Akina mama wanaoanika dagaa humwitikia, "Asante, Mwalimu," bila kuinua vichwa.

Sasa nifike kwenye kosa la Mzee Gervasi. Yeye mwenyewe alisema lisiachwe, kwa kuwa wengine watajifunza.

Kwetu vitu vya marehemu haviguswi na mtu mpaka ukoo ukae siku ya kumaliza matanga. Ukoo wetu ulikaa. Uligawa vitenge, sufuria, baiskeli na kiwanja cha Gungu. Programu haikutajwa, maana hakuna aliyejua kwamba ni kitu cha kugawiwa. Mzee Gervasi alikuwapo, amekaa nyuma ya turubai, akingoja aitwe aseme. Hakuitwa, na aliona aibu kuinua mkono katikati ya wafiwa aulize habari za kompyuta. Akarudi maabara. Miezi michache baadaye aliiweka Saa Nane mtandaoni, mahali ambapo watengenezaji wa programu huonyeshana kazi zao, na kwenye ukurasa wa masharti aliandika kwa heshima zote: "Kazi hii ni ya Mwalimu Marcelina. Anayetaka kuitumia au kuibadili amwombe yeye." Chini yake akaweka anwani ya barua pepe aliyokuwa nayo mama hapa shuleni.

Watu wakamwomba. Naye akawajibu.

Hilo hatukulijua mpaka Jumatano tarehe 11 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi, mgeni alipoingia ofisi ya walimu na kitenge kilichofungwa kwa gazeti.

"Niko Martini, natoka Kalemie, Kongo," alisema. "Nimekuja kumushukuru Mwalimu Marcelina. Ni yeye alinipatia ruhusa."

Mkuu wa Shule, Mwalimu Sia, alihamia hapa kutoka Kilimanjaro na hakuwahi kumwona mama. Aliwatazama walimu wengine, hakuna aliyemtazama. "Alikupa lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi, mwezi wa munane."

Kalamu ya mtu ilianguka, na haikuokotwa. Martini alidhani hawamsadiki, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua pepe aliyoichapisha, yenye tarehe ya Agosti 2024. "Asante kwa ujumbe wako. Kwa sasa sipo. Endelea tu na kazi, tutaongea nikirudi. Marcelina."

Mzee Gervasi aliitwa. Aliisoma amesimama, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. "Kaa kwanza, ndugu yangu," alimwambia mgeni, akimsogezea kiti. "Mwalimu alitutoka mwaka 2018."

Martini aliweka kitenge mezani polepole, kama mtu anayetua sufuria ya moto. "Basi mimi niliongea na nani?"

Jibu lilikuwa rahisi, na halikumsaidia mtu. Siku aliyokwenda kulazwa, mama aliiagiza barua pepe yake imjibu kila atakayeandika mpaka atakaporudi. Sanduku la barua pepe za shule linaishi ndani ya kompyuta moja chini ya meza ya maabara, na Mzee Gervasi ndiye mlezi wake. Sanduku la mama hakulifunga wala hakulifungua. Alisema mkono wake haukufika. Siku ile alilifungua mbele ya Mkuu wa Shule. Yalikuwamo maombi kumi na moja: Rumonge, Uvira, Kalemie, Kasanga, Mpulungu, na mengine, yamelizunguka ziwa lote. Kila ombi lilikuwa na jibu lake. Endelea tu na kazi, tutaongea nikirudi.

Kuna jambo moja hapo ambalo Mzee Gervasi, mtu anayeamini nyaya tu, hajalieleza. Ombi la Rumonge liliingia Aprili 2021, siku ambayo mtaa mzima haukuwa na umeme tangu asubuhi hadi jioni, na jibu lilitoka saa nane na dakika tatu mchana. Alisema kompyuta ilikuwa inatumia betri. Kisha akafungua daftari lake la maabara, ambamo huandika kila kitu, na akakuta kwamba betri wiki ile ilikuwa kwa fundi, mtaa wa Katubuka. Alilifunga daftari. Hatujalizungumza tena, lakini nimeahidi kusema yote.

Mimi niliitwa kutoka darasani nipokee kitenge. Martini alitaka nisikie jinsi wanavyoitumia Saa Nane kule kwao. Wameiongezea: spika yao hutaja pia mitumbwi ambayo haijarudi, ili walioko majini waiangalie. Akanipa simu yake.

"Winfrida," ilisema sauti ya mama. "Winfrida. Winfrida." Kisha ikaendelea: upepo wa kusini, mawimbi ya wastani, mtumbwi mmoja haujarudi.

Nilimwambia Martini kwamba hilo ni jina langu.

Aliichukua simu yake. "Kumbe ni mutu," alisema. "Sisi tulizania ni jina la mashini. Kwetu watu wanasema, Winfrida amekataza leo, hatuendi."

Mzee Gervasi alikwenda kuangalia. Kwenye jalada la sauti kulikuwa na rekodi mia mbili na kumi na tatu. Orodha yake ilikuwa na mia mbili na kumi na mbili. Iliyozidi haikuwa na namba, ilikaa juu ya zote, na programu ya hapa Ujiji haikuwahi kuigusa kwa sababu huanzia namba moja. Martini alipoibadilisha programu kwa ajili ya Kalemie aliiambia ianzie juu kabisa. Kwa hiyo kila siku, kwa karibu miaka miwili, ng'ambo ya pili ya ziwa, mama amekuwa akiniita mara tatu, na mimi nikiwa huku darasani.

Baada ya hapo Mzee Gervasi alifanya kitu ambacho nadhani ndicho kikubwa kuliko vyote alivyofanya katika miaka thelathini na mitatu. Alipanda bodaboda hadi nyumbani kwa mama mdogo Diana, ambaye mahakama ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi ya mama, akakaa kwenye kigoda, akasema alichopaswa kusema nyuma ya turubai mwaka 2018. "Dada yako aliacha kitu kingine. Nimekuwa nacho mimi."

Wakili Noel, mzazi wa mwanafunzi mwenzetu, alikuja maktaba Jumamosi mbili kutuelekeza. Nimeyaandika maneno yake kwa sababu wengi wetu katika somo la kompyuta tuna programu ndogo mtandaoni, na tunadhani kuiweka hadharani ni kuigawa. Siyo. Kitu kisicho na leseni kinaweza kusomwa na dunia nzima, na bado hakuna mwenye haki ya kukinakili. Hakimiliki haizikwi na mwenyewe. Hapa kwetu huendelea miaka hamsini baada ya kifo chake, mikononi mwa warithi. Kazi iliyoandikwa na watu wawili haiwezi kuachiwa na mmoja. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa waajiriwa, ilibidi mwajiri athibitishe kwa barua kwamba waliifanya likizo, nje ya kazi waliyoajiriwa nayo, na kwamba hana dai. Mwalimu Sia aliishughulikia barua hiyo mpaka ikapatikana.

"Na yale majibu ya dada?" mama mdogo aliuliza.

"Yale si leseni," alisema Wakili Noel. "Mashine haina nia. Na aliyeiagiza hakuwa anajibu swali hili."

"Kwa hiyo wale kumi na moja ni wezi?"

"Hapana, mama. Ni watu walioomba kwa adabu, wakajibiwa na mtu ambaye hayupo. Mnaoweza kuwaruhusu ni nyinyi mliopo. Toeni leseni sasa, na muandike kwamba ya nyuma hamtawadai."

Ikabaki kuchagua leseni gani. Ya kwanza ni fupi, nusu ukurasa: chukua, fanya utakavyo, hata ukiuza ukificha, ila jina letu lisifutwe. Ya pili ni ndefu: chukua, badilisha, lakini ukimpa mtu mwingine ulichobadilisha, mpe pia msimbo wake, yaani yale maagizo tuliyoiandikia kompyuta, na umpe kwa masharti haya haya. Mzee Gervasi aliipenda ile fupi. "Mimi nikikuazima bisibisi sikufuati nyumbani kwako," alisema.

"Ukiinoa ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa, nataka kuiona," alijibu mama mdogo, ambaye ni mshonaji na hajawahi kumgawia mtu kipande bila kuuliza atakishonea nini.

Waliokata shauri ni Kalemie. Ile orodha ya mitumbwi isiyorudi huku hatukuwa nayo, na mwaka jana tungeihitaji sana. Leseni ndefu inahakikisha kwamba kitakachoongezwa na kupelekwa kwa wengine kitabaki wazi, na sisi tutaweza kukichukua. Mzee Gervasi aliinua mikono, akatia sahihi kwa upande wake siku ileile. Castory, aliyekuwa amekuja kusikiliza, aliomba asomewe kifungu kisemacho kwamba programu inatolewa kama ilivyo na hakuna atakayeshtakiwa ikikosea. Alikifikiria. "Kwa hiyo ikisema twende na tukazama, mwenye kosa ni ziwa?"

"Mwenye kosa ni asiyetazama mawingu," alisema Mzee Gervasi. Castory alisema hilo ndilo liandikwe, kwa herufi kubwa, na kweli limo kwenye maelezo ya matumizi.

Sauti ni jambo jingine. Leseni ya programu haikutengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, kwa hiyo rekodi zinahitaji leseni ya peke yake, na Wakili Noel alituonya kwamba aliyekwisha kuzipokea kihalali hanyang'anywi baadaye. Yale maneno mia mbili na kumi na mawili mama aliyatamka kwa ajili ya wavuvi, na yataendelea kwa wavuvi. Hapo hatukubishana. Iliyobaki ni ile moja. Ikiwa ni sehemu ya kazi, itakwenda pamoja na nyingine kwa yeyote, popote, atakayeitaka, na haitarudi. Ikiwa ni kitu cha faragha kilichoingia kwa bahati mbaya, inatolewa kabla ya kutia sahihi. Martini ameahidi kuifuta akiambiwa, ingawa ameandika kwamba watu wa Kalemie watauliza Winfrida amekwenda wapi.

Mama mdogo ndiye mwenye kutia sahihi, kwa kuwa mimi sijafikisha miaka kumi na minane. Lakini ameweka kalamu chini. "Sahihi ni yangu," aliniambia. "Jina ni lako. Nikisikia neno lako ndipo nitaandika." Atatia sahihi Jumatatu tarehe 31, asubuhi, kabla ya sherehe. Siku hiyohiyo saa nane mchana, kama kazi yake ya mwisho, Mzee Gervasi atalifunga sanduku la barua la mama, ili asiwepo mwingine wa kuruhusiwa na mtu ambaye hayupo.

Wengine watahesabu mafanikio yake kwa kompyuta alizofufua, au kwa vijana wake walioajiriwa hadi Dodoma na Dar es Salaam. Mimi nahesabu kwamba alikosea kwa heshima, akaishi na kosa lake bila kulikimbia, na alipopata nafasi ya kustaafu kimyakimya na kutuachia fumbo, alilirudisha kwa wenyewe na kukaa nao mpaka likafunguka. Walimu, wanafunzi, na watu wa mwalo tunamshukuru. Kwake Kalinzi kahawa inamngoja, na tunamwombea afya, mvua za wakati wake, wajukuu wasiogusa bisibisi zake, na mchana mwingi wa kupumzika. Mzee wetu, uishi vizuri huko uendako, na siku tukikwama tutapanda gari tuje.

Nakala hii ya kwanza naituma Kalinzi, alikokwenda kwa likizo yake ya mwisho, kwa dereva wa Haisi ya saa sita, aisome na kusahihisha tarehe kabla jarida halijachapwa. Dereva atalala huko na kurudi kesho asubuhi. Kwa hiyo mistari inayofuata ni yake peke yake, na nitaiondoa kwenye jarida akitaka.

Shikamoo, Mzee. Ile rekodi isiyo na namba nimeisikiliza mara nyingi, hapa maabara, mchana, mlango ukiwa wazi. Baada ya kuita mara ya tatu kuna kimya cha sekunde nne. Kisha kuna mlio mdogo kama wa bawaba, na mtu anavuta pumzi kama anayetaka kucheka, na hapo inakatika. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na sikumbuki kwamba niliwahi kufika maabara likizo ile. Mliokuwa chumbani ni wawili, na wewe ndiye uliyebonyeza kitufe. Nijibu kwa gari lilelile, hata kwa neno moja, maana hilo ndilo nitakalomwambia mama mdogo: mama alipotaja jina langu mara tatu mbele ya maikrofoni, alikuwa anaijaribu tu, au nilikuwa mlangoni na alikuwa ananiita niingie?